Kugeuza kompyuta za zamani za shule ziwe vituo vya intaneti kwa kutumia Linux

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) pamoja na prosesa za miaka ya karibuni, kwaiyo maabara nyingi za shule zimebaki na mashine ambazo zinawaka vizuri tu ila hazina pa kwenda. Watu wanazirundika stoo. Mi nasema usitupe, ila pia usijidanganye kwamba Linux (mfumo endeshi wa bure) itaifanya mashine ya 2008 iwe mpya, haifanyi hivo. Kinachowezekana ni kuipunguzia majukumu: badala ya kuwa kompyuta ya kila kitu inakuwa kituo cha intaneti, mtu anakaa, anakuta brauza iko wazi, anasoma anachosoma au anajaza fomu yake, anafunga, anaondoka, na anayefuata anakuta kila kitu kisafi kama hakuna aliyekaa pale. Hiyo kazi moja mashine ya zamani inaiweza.

Kabla hujashika bisibisi elewa hili: Linux yenyewe ikiwa nyepesi haili ramu nyingi, ni MB mia kadhaa tu ikishawaka, mlaji mkubwa ni brauza. Ukurasa mmoja wa siku hizi wenye video na matangazo unaeza kumeza ramu kuliko mfumo mzima. Kwaiyo karibu kila kitu nitakachosema hapa chini kinalenga kumwachia brauza nafasi apumue.

1. Chambua kwanza

Usianze kuinstoli kwenye mashine ya kwanza uliyoikuta. Zitoe zote, zipange kwa modeli, zinazofanana zikae pamoja. Ukiwa na mashine nyingi za modeli moja kazi yako inakuwa robo, kwa sababu unatengeneza moja vizuri afu unakopi kwa nyingine, na zile mbovu zinakuwa spea za nzima. Mashine moja ya ajabu ajabu isiyofanana na yoyote itakusumbua kuliko kumi zinazofanana, iweke pembeni hata kama inaonekana nzuri.

Fungua kila kasha uangalie mazabodi (bodi kuu ya ndani). Kuna kapasita, vile vimitungi vidogo vyenye kichwa cha bati, kikiwa kimevimba juu au kimevuja ukahawia, hiyo mashine ni ya spea tu. Mashine za kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 mpaka katikati ya miaka ya 2000 zilikuwa na ugonjwa huu sana. Vumbi lipulize ukiwa nje, na unapopuliza feni izuie kwa kidole isizunguke. Pawa saplai usiifungue, na skrini zile za zamani zenye mgongo mkubwa usizifungue kabisa, zinatunza umeme mkali hata zikiwa zimechomolewa ukutani.

Afu angalia ramu na prosesa. Ukishawasha Linux yoyote ya kujaribia kutoka kwenye flashi andika `lscpu` kwenye terminali, kama imeandika "32-bit, 64-bit" uko salama, kama ni "32-bit" peke yake basi njia ni nyembamba sana: Chrome iliacha Linux ya biti 32 tangu 2016, Debian 13 (Debian ni moja ya aina za Linux) iliyotoka Agosti 2025 haina tena instola ya biti 32, na Firefox nayo imeshatangaza kuachana nazo. Mi hizo za biti 32 siziweki kwenye intaneti tena. Habari njema ni kwamba kuanzia Core 2 Duo, yaani 2006 kuja huku, karibu zote ni biti 64.

Ramu: GB 4 mtu anatumia bila malalamiko, GB 2 inawezekana ukifuata mwongozo huu na watumiaji wakikubali kufungua kurasa chache, GB 1 usimtese mtu. Chukua ramu za zile mbovu uziongeze kwenye nzima, ila DDR2 na DDR3 haziingiliani, tundu lenyewe litakukatalia, usilazimishe. Na kama kuna hela kidogo ya kununua chochote kile, nunua SSD (diski ya kasi isiyo na kinachozunguka ndani) ndogo ya SATA kabla ya kitu kingine, hata ya GB 120 inatosha na kubaki, tofauti yake utaiona siku hiyohiyo.

2. Betri ya saa, na data za watu

Hizi mbili watu wanaziruka.

Betri ile ya duara kwenye mazabodi, CR2032, kwenye mashine iliyokaa miaka imeshakufa. Ikifa, saa inarudi nyuma miaka kibao kila unapochomoa umeme, na brauza ikiona tarehe ya zamani inakataa tovuti zote za https ikisema cheti si halali, mtu anadhani intaneti imekatika. Linux ikipata mtandao itajirekebishia saa yenyewe, lakini setingi za bayosi (programu ya kwanza inayoamka ukiwasha mashine) nazo zinapotea na mashine inakwama kila asubuhi ikikudai ubonyeze F1. Badilisha tu betri, zote kwa mpigo.

La pili, diski za shule zina matokeo ya wanafunzi, barua, picha, pasiwedi zilizohifadhiwa kwenye brauza. Kama kuna kitu shule inakihitaji kikopi kwanza uwape wenyewe wathibitishe kimefunguka, afu futa diski yote kwa `nwipe` ukiwa umewasha kutoka kwenye flashi. Kufomati kwa kawaida hakufuti, data zinaokoteka vizuri tu. nwipe kwenye diski kubwa inachukua masaa, iache usiku. Na ukiwa hapohapo pima afya ya diski:

`sudo smartctl -a /dev/sda`

Tafuta mistari ya Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Namba za mwisho zikiwa sifuri vizuri, zikiwa zimepanda usiiamini diski hiyo.

3. Linux ipi

Hapa watu hugombana bure. Lubuntu, Linux Mint Xfce, antiX, zote zinafaa kwa mtu anayetaka kompyuta ya mezani ya kawaida. Kwa kituo cha intaneti mi natumia Debian tupu isiyo na mazingira ya mezani, naongeza vitu vichache tu ninavyovitaka, kwa sababu kisichokuwepo hakiharibiki wala hakuna mwanafunzi atakayekichezea. Kuanzia Debian 12 instola inakuja na fimwea (programu ndogo zinazoendesha kifaa) za wai-fai na kadi za video ndani yake, ile shida ya zamani ya kutafuta fimwea kwenye flashi ya pembeni imepungua sana.

Shusha faili la Debian la netinst (instola ndogo inayoshusha mengine kwa mtandao) la amd64 (amd64 ni jina tu, linafanya kazi kwenye Intel pia), hakiki SHA256 yake (alama ya kuthibitisha faili halikuharibika), liandike kwenye flashi kwa Rufus, balenaEtcher au Ventoy. Washa mashine ukibonyeza F12 au F2 au Del au Esc kutegemea na aliyeitengeneza, chagua flashi. Kwenye bayosi hakikisha diski iko AHCI na sio IDE (ni namna mbili za diski kuongea na mazabodi) kama chaguo hilo lipo. Skrini ikiwa nyeusi baada ya kuchagua kuinstoli, bonyeza `e` kwenye menyu (kwenye menyu ya zamani ya bayosi ni Tab) uongeze neno `nomodeset` mwishoni mwa mstari wa kuwashia.

4. Kuinstoli

Maswali mengi jibu lake ni Enta. Matatu ndo ya kuwa makini. Pasiwedi ya root (msimamizi mkuu) iache tupu, hapo mtumiaji wa kwanza utakayemtengeneza anapewa sudo (ruhusa ya kufanya kazi za msimamizi), mwite `fundi`. Diski, chagua itumike yote, kila kitu kwenye patishoni moja. Na mwishoni ikikuuliza programu za kuweka, ondoa alama kwenye mazingira yote ya mezani, bakisha "SSH server" (ya kuingilia mashine kutoka nyingine kupitia mtandao) na "standard system utilities" tu. Tumia kebo wakati wa kuinstoli, na ukiweza hata baadaye, mashine ishirini kwenye wai-fai moja ya bei rahisi ni fujo tupu.

Ikiwaka utakutana na skrini nyeusi yenye maandishi. Usiogope, ingia kama fundi:

```
sudo apt update
sudo apt install xserver-xorg openbox lightdm firefox-esr pipewire-audio fonts-dejavu zram-tools unattended-upgrades
sudo adduser --disabled-password mgeni
```

`mgeni` ndo atakayekuwa anatumiwa na watu wote, hana pasiwedi na hana sudo, hata akiamua kuharibu hana cha kuharibu zaidi ya folda lake.

zram ni kitu kizuri sana kwa ramu ndogo, inachukua sehemu ya ramu inakandamiza vitu visivyotumika kwa sasa humohumo badala ya kuvitupa kwenye diski ambayo ni polepole. Fungua `/etc/default/zramswap` uweke:

```
ALGO=lz4
PERCENT=50
```

lz4 kwa sababu prosesa zenyewe ni za zamani, hazitaki kazi nzito ya kukandamiza.

5. Ijiwashe yenyewe mpaka kwenye brauza

Hapa ndo mashine inageuka kituo. lightdm ndo inayomwingiza mtumiaji, openbox ndo inayoshika madirisha. Tengeneza folda kwa `sudo mkdir -p /etc/lightdm/lightdm.conf.d` afu ndani yake faili la `50-mgeni.conf`:

```
[Seat:*]
autologin-user=mgeni
autologin-session=openbox
```

Sasa fungua `/etc/xdg/openbox/autostart` uongeze chini kabisa:

```
P=/home/mgeni/muda
while true; do
  rm -rf "$P" /home/mgeni/Downloads
  mkdir -p "$P"
  firefox-esr --profile "$P"
  sleep 1
done &
```

Soma hiyo mistari taratibu maana ndo moyo wa kila kitu. Firefox inafunguliwa ikiwa na profaili mpya kabisa kwenye folda la `muda`. Mtu akimaliza anafunga dirisha, profaili inafutwa pamoja na alivyoshusha, Firefox inafunguka upya. Akaunti ya barua pepe aliyosahau kutoka, historia, kuki, vyote vimeenda. Hakuna mtu wa kukumbushwa "logout" na hakuna kitufe cha kufundisha watu, kufunga dirisha ndo kutoka. Waambie tu wenye mafaili yao wayahamishie kwenye flashi au wajitumie kabla hawajafunga, bandika karatasi juu ya kila skrini kabisa, kwa sababu wa kulia watakuwepo. Kumbuka Debian hii tupu haifungui flashi yenyewe, kwaiyo kama unataka flashi zifanye kazi ongeza `pcmanfm` na `gvfs`, na juu ya ile `while` weka mstari wa `pcmanfm --desktop &`.

Uandike vizuri huo mstari wa `rm -rf`, nafasi moja iliyokaa vibaya inafuta kisichotakiwa. Na usiiweke profaili kwenye `/tmp`, Debian 13 inaiweka `/tmp` ndani ya ramu, utakuwa unamnyang'anya brauza kilekile tulichokuwa tunamtafutia.

Dirisha lijae skrini nzima: kwenye `/etc/xdg/openbox/rc.xml` tafuta `<applications>` uweke ndani yake

```
<application class="*" type="normal">
  <maximized>yes</maximized>
</application>
```

Kuna wanaopenda `--kiosk`, ile inayoficha kila kitu ubaki na ukurasa mtupu. Inafaa kwa skrini ya kuonyesha ratiba au fomu moja. Kwa mwanafunzi anayetafuta kitu ni mateso, haoni hata sehemu ya kuandika anwani.

6. Kuifunga Firefox adabu

Kwa kuwa profaili ni mpya kila mara, setingi zote lazima zikae nje yake. Zinakaa kwenye `/etc/firefox/policies/policies.json`:

```
{
 "policies": {
  "Homepage": {"URL": "https://sw.wikipedia.org", "StartPage": "homepage"},
  "OverrideFirstRunPage": "",
  "DontCheckDefaultBrowser": true,
  "PasswordManagerEnabled": false,
  "DisableFirefoxAccounts": true,
  "DisableTelemetry": true,
  "BlockAboutConfig": true,
  "ExtensionSettings": {
   "uBlock0@raymondhill.net": {
    "installation_mode": "force_installed",
    "install_url": "file:///opt/ublock.xpi"
   }
  }
 }
}
```

Koma moja ikikosekana faili zima linapuuzwa, kwaiyo andika `about:policies` kwenye brauza uone kama zimeingia.

uBlock Origin usiichukulie kama urembo. Kuzuia matangazo kwenye Core 2 Duo ndo tofauti kati ya ukurasa unaofunguka na ukurasa unaoganda, na data unaokoa. Angalia pia nimeiweka kama faili lililopo kwenye diski, `/opt/ublock.xpi`, ulishushe mara moja kutoka addons.mozilla.org. Ukiweka anwani ya intaneti pale, kila mtu akifunga dirisha mashine itaishusha tena kwa yule anayefuata, siku nzima, mashine zote.

Video ndo mahali pagumu, nisikudanganye. Tovuti za video siku hizi zinapenda kutuma VP9 au AV1 (namna mpya za kukandamiza video), na hizi mashine hazina chipu ya kuzifungua, prosesa inahangaika peke yake mpaka feni inalia. Kiongezi kinachoitwa h264ify kinalazimisha YouTube itume H.264, kiweke kwa njia ileile ya uBlock, afu watu wakae 360p au 480p.

7. Mtandao

Kwenye ruta weka DNS (inayotafuta anwani za tovuti kwa majina yake) iwe 1.1.1.3 na ya akiba 1.0.0.3, hizo ni za Cloudflare zinazozuia tovuti za virusi na za ngono, unaweka sehemu moja mashine zote zinafuata. Mjanja ataizunguka, ndiyo, ila kwa maabara ambayo mwalimu yupo inatosha.

Wazee wa zamani watakwambia weka squid ihifadhi kurasa zisishushwe mara mbili. Ilikuwa kweli enzi za http, leo karibu kila tovuti ni https na squid haioni kilichomo ndani, utajichosha. Kinachookoa data kweli ni `apt-cacher-ng`, kwa sababu masasisho ya Debian kwa kawaida yanapita http ya kawaida. Iweke kwenye mashine moja iliyo na nguvu kidogo, ipe IP isiyobadilika, tuseme 192.168.1.10, afu kwenye nyingine zote faili la `/etc/apt/apt.conf.d/00proxy` liwe na

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`

Sasisho linashuka mara moja, zinagawana zote. Ila hiyo mashine lazima iwe inawashwa ya kwanza, ikiwa imezimwa hakuna anayesasishwa. Washa na unattended-upgrades (masasisho yanayojifanya yenyewe) kwa `sudo dpkg-reconfigure unattended-upgrades`, maana kituo kisichosasishwa kinarudi kuwa tatizo lilelile la Windows uliyoikimbia.

8. Kopi kwa zilizobaki

Mashine ya kwanza ikishakaa sawa iache itumike wiki moja na watu wa kweli, usiharakishe kukopi, wao ndo watakuonyesha kisichofanya kazi. Baada ya hapo:

`sudo truncate -s 0 /etc/machine-id`

zima, washa na Clonezilla (programu ya kukopi diski nzima), hifadhi nakala ya diski kwenye diski ya nje, afu imwage kwenye nyingine moja moja. Diski unayomwagia isiwe ndogo kuliko ya awali, ndo maana nikasema SSD ndogo inatosha, ukianzia kwenye diski ya GB 500 umejifunga mwenyewe. Ule mstari wa truncate unafanya kila mashine ijitengenezee kitambulisho chake ikiwaka, bila hivo zote zina kimoja na kugawiwa IP kunaeza kuwa vurugu. Baada ya kumwaga, kila mashine ipe jina lake, `sudo hostnamectl set-hostname kituo07`, jina hilohilo urekebishe kwenye `/etc/hosts`, futa na funguo za SSH za mashine mama uzitengeneze upya:

```
sudo rm /etc/ssh/ssh_host_*
sudo dpkg-reconfigure openssh-server
```

Andika namba kwa makapeni juu ya kasha. Mtu akikwambia ya saba imekwama unaingia kwa ssh ukiwa umekaa palepale ulipo.

Mwisho rudi kwenye bayosi za zote, diski iwe ya kwanza kuwashwa, zima kuwasha kwa flashi, weka pasiwedi ya bayosi na uiandike kwenye daftari la shule sio kichwani kwako.

9. Zile dhaifu je

Utasikia habari za LTSP, mashine dhaifu zinawaka kupitia mtandao kutoka kwenye seva moja. Mradi una historia ndefu, ulianza 1999, na faida yake ni kwamba hazihitaji hata diski. Ila toleo lililoandikwa upya 2019 programu zinaendeshwa na mashine yenyewe ya mteja, sio na seva, kwaiyo GB 1 ya ramu inabaki kuwa GB 1 ileile na brauza haitakuwa nyepesi. Ukitaka seva ndo ifanye kazi lazima uende kwenye X2Go au RDP (njia za kutumia kompyuta ya mbali kupitia mtandao), na hapo inabidi seva iwe na ramu ya kubeba brauza za watu wote kwa pamoja.

Matumizi bora ya mashine dhaifu mi naona ni maktaba ya ndani. Chukua moja yenye biti 64 na diski kubwa, weka `kiwix-tools`, shusha faili la ZIM (Wikipedia nzima iliyofungwa kwenye faili moja) la Wikipedia ya Kiswahili kutoka Kiwix, washa:

`kiwix-serve --port=8080 wikipedia_sw.zim`

(weka jina kamili la faili lako, huwa lina tarehe.) Kutuma kurasa tu hakuhitaji skrini wala ramu nyingi. Inaeza kuwa ileile yenye apt-cacher-ng. Afu rudi kwenye policies.json ubadilishe Homepage iwe `http://192.168.1.10:8080`, watu wakikaa wanakutana na kamusi elezo hata siku ambayo bando limeisha.

Za biti 32 zilizobaki zenye kibodi nzima, ziweke mbali na kebo ya mtandao, Debian 12 bado ina toleo la i386, LibreOffice na mazoezi ya kuchapa kama Tux Typing zinaenda vizuri. Nyingine zote toa ramu, diski, betri nzuri na kebo uhifadhi, makasha yapeleke kwa wanaokusanya taka za elektroniki, mazabodi zinaeza kuwa na madini ya risasi (lead), usizichome moto.